Asiambiwe Akiwa Barabarani

Jumanne, 16 Desemba 2025

Mama amekufa jana asubuhi, na leo dada yangu amenitumia picha ya jibini.

Jibini! Pande kubwa kama kiti, limewekwa mezani, na yeye na mume wake wamesimama nyuma yake wanacheka, kofia za sufu hadi kwenye nyusi. Strasbourg, ameandika. Soko la Noeli. Ati ningeinusa hiyo kitu, inanuka soksi za Papa, baba yetu!

Nimeitazama picha hiyo nikiwa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, wanawake wamenizunguka wanalia. Sikujibu. Nilitaka kuitupa simu mtoni.

Yaya Gertrude, dada yangu huyo, hajui. Na hatakiwi kujua! Ndivyo alivyoamua Tonton Nephtali, kaka mkubwa wa Mama. Aliwaita wajomba nyuma ya jiko, wakasimama hapo kidogo, wakarudi na neno moja. "Mutoto iko Poto, hatumuambiaka kifo kwa telefone." Poto, Ulaya, kwao yote ni nchi moja. Ataambiwa akiwa amekaa ndani ya nyumba yake kule Liège, wamama wa jumuiya ya Wakongomani wamemshika huku na huku, tena akiwa amekula kwanza. Najua, ndiyo desturi, na wengi wameambiwa hivyo. Lakini Gertrude hayuko Liège! Yuko kwenye theluji, likizo, anazunguka na gari.

Mume wake anajua. Tonton alimpigia yeye peke yake, simu ikiwa kwa sauti ya juu, nami nilisikia kila neno.

"Tonton, Gertrude njo iko naongoza. Miye sina permis. Barabara iko barafu tupu. Nikimuambia sasa, tutakufa wote wawili. Muache tufike nyumba. Vendredi tuko Liège."

Hana permis, leseni ya gari! Isaïe Katembo, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, mtu aliyekuwa anashusha malori mazima ya maharagwe hapa Makiso, katikati ya mji, amekaa Ulaya miaka yote hiyo na hana permis. Ameanguka mtihani mpaka wamezoea sura yake. Kwa hiyo dada yangu ndiye dereva, na dereva haambiwi.

Mazishi ni Jumanne ijayo, tarehe 23. Padri hataki maiti mkesha wa Noeli. Ndege ya kutoka Kinshasa kuja hapa ni Jumatatu. Akiambiwa Ijumaa, Jumamosi anapanda Brussels, Jumatatu anashuka hapa, anamzika mama yake. Inawezekana kabisa. Basi nitameza hasira hadi Ijumaa. Papa amekaa na wanaume, mgongo ukutani. Hakuna anayemuuliza kitu.

Jumatano, 17 Desemba

Sauti ndefu kutoka kwa Yaya. Wanawake wengine huimba bafuni, yeye huongea na simu.

Ati hii ndiyo likizo yake ya kwanza ya kweli. Kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, anaingia kukiwa giza, anaosha vizee, anavalisha vizee, anatoka kukiwa giza. Jua la mwezi wa kumi na mbili analisikia tu kwenye redio. Tena jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio kila akitwanga pondu, kisamvu chetu. Sasa anatwanga Jumamosi tu, kinu juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, polepole, kama mtu anayeiba. Kutwanga pondu kwa siri! Na hoteli ni ghali kwa kula, kwa hiyo wanapika wali ndani ya birika la chai la chumbani. Kwanga, mkate wetu wa muhogo, wanaipasha moto juu ya radiata, wameifunga kwa taulo la hoteli. Jana walijaribu na makayabu. Harufu ya samaki ikashuka ngazi hadi kwa msichana wa mapokezi, akaja kubisha, na Isaïe akamwambia ni dawa ya mguu.

Nikacheka. Katikati ya matanga ya mama yangu, nikacheka! Shangazi akanitazama kama mchawi. Halafu nikamchukia Gertrude kwa kunichekesha.

Mwishoni akabadili sauti. Tension ya Mama, presha yake, imefika wapi? Mbona siku mbili hajamsikia? "Kama haiko muzuri, uniambie ukweli, Ursule. Nitageuza gari leo hii."

Ukweli! Nilimwandikia kwamba Mama amelala. Ni kweli, amelala.

Tonton amemtuma Dady, binamu yetu, apite kwa vijana wote wa familia. Hakuna kuweka mshumaa kwenye status, hakuna picha ya Mama, hakuna "pumzika kwa amani". Kila mtu amfiche Gertrude kwenye simu yake. Dady amepanda toleka tangu asubuhi, anazunguka mji mzima nyuma ya baiskeli, anawaonyesha watu pa kubonyeza. Mtu ambaye hajawahi kufika kwa wakati mahali popote! Nilimwambia, hongera, hatimaye umepata kazi.

Alhamisi, 18 Desemba

Leo nimefanya kitu kibaya. Nitakiandika kama kilivyo.

Umeme umekatika tangu jana, mochwari wanatumia jenereta, na mlinzi amesema wazi kwamba wao hawaahidi kitu baada ya Jumanne. Kwa hiyo kuahirisha hakuna. Nikaenda kwa Tonton. Sikupiga magoti, sikuinamisha macho. Nilimwambia tunamnyang'anya Yaya mama yake mara ya pili. Nilimwambia Isaïe ni mwoga na sisi tunamfunika mwoga kwa blanketi la desturi. Wajomba waliokuwa pale wakasema loo.

Tonton hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akaniambia nikae.

"Weye unajua Chimène yangu alikufa Paris. Lakini namna gani alikufa, hauijue." Sikujua, kweli. Tulikuwa wadogo. "Mama yake alikufa huku. Miye baba yake njo nilimupigia. Asubuhi, iko pekee yake mu appartement. Akaacha telefone wazi, akatoka inje bila viatu, na ile baridi yote. Miye niko naita, Chimène, Chimène, niko nasikia tu mulango. Walimukuta siku ingine. Bibi yangu, mama yake, nilimuzika hapa. Mutoto, hata kaburi yake sijaona."

Na bado nilikuwa na hasira, sikujua tu pa kuiweka.

Halafu akasema: "Bon. Gertrude iko naomba sauti ya Mama yake. Umupatie."

Mama hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa ananiita, anachukua simu yangu, anaishika mbele ya mdomo kama muhogo wa kuchoma, anaongea. Ninazo sauti zake nyingi. Tukakaa na Tonton nyuma ya jiko tukazisikiliza. Alilia, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akachagua ya mwezi wa kumi, ambayo mtandao uligoma na haikuwahi kumfikia Yaya: "Gertrude mwanangu, miye niko muzuri, tension imeshuka. Huku mvua iko nanyesha sana. Muvae muzuri, ile baridi yenu haina rafiki. Na usiache Isaïe alale njaa, bokilo yangu iko mwembamba."

Ili isionekane ni ya zamani, ilibidi icheze kwenye simu ya Dady, nami niirekodi upya kwenye yangu. Lakini kilio kilikuwa kinaingia! Tonton akatoka uani akapiga makofi. "Wamama, munyamaze kidogo!"

Na wakanyamaza. Wanawake wote wa matanga, vitambaa mdomoni, wanaangalia chini, wakati marehemu anasema yuko mzima na tension imeshuka. Mmoja akakohoa, ikabidi turudie. Dady anashika simu, mimi nashika simu. Halafu nikatuma. Tonton aliamuru, lakini kidole ni changu.

Nikasema moyoni, ni hadi kesho tu. Kesho wanafika Liège.

Ijumaa, 19 Desemba

Hawarudi Liège!

Hawarudi! Gertrude amenitumia sauti, analia kwa furaha. Ati usiku mzima roho yake ilikuwa nzito, alikuwa amefunga mizigo arudi mbio, hata amwambie Isaïe watafute tikiti aje kumwona Mama. Halafu akasikia ile sauti. "Mama iko na nguvu, Ursule! Iko nafikiria hata tumbo ya Isaïe!" Ameicheza ndani ya gari mara ngapi sijui. Sasa kwa kuwa Mama amepona, wanapitiliza hadi Geneva kwa Muhindo, kaka mkubwa wa Isaïe, wakae hapo Noeli yote. Muhindo amenunua mbuzi kwa Mturuki.

Mimi ndiye niliyemwambia apitilize. Mimi, na sauti ya mama yangu.

Na huyo mwanaume alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kiti cha abiria! Ameisikiliza sauti ya marehemu, akijua ni marehemu, mkanda kifuani, mikono juu ya magoti. Alisema nini? Nilimpigia kumuuliza. Alikuwa amejificha choo cha kituo cha petroli, nasikia maji yanashuka.

"Nilisema sauti iko muzuri."

"Kwa nini hukusema mugeuze?"

"Kwa sababu gani, Ursule? Ningemupa sababu gani? Alifunga mizigo arudi, na nilimushukuru Mungu. Halafu ile audio yenu ikaingia. Weye njo ulituma!"

Nikamwambia basi waache gari, wapande treni, au amwambie wakiwa wameegesha, amwambie hapohapo kwenye petroli, kuna choo, kuna kahawa, kuna watu! Akasema alijaribu jana. Alifungua mdomo, Gertrude akamuuliza kama anataka kutapika.

Halafu akaanza kulia. Mtu mzima, chooni, kwa wageni. Nilimkatia. Huruma sikuwa nayo na hata sasa sina.

Nimemwambia Tonton. Amesema kule Geneva kuna Muhindo na mke wake Katungu, watu wazima, watamshika. Waambiwe wao. Akapiga. Muhindo amesema, donc, mtoto wa watu amesafiri mbali, aachwe ale kwanza, apumzike, kesho tutaona.

Kila mtu anataka ale kwanza!

Jumamosi, 20 Desemba

Ndege ya Brussels imepaa bila dada yangu.

Nimekwenda Makiso, kwenye secrétariat yangu, kibanda cha kuchapa na fotokopi, nimefungua nusu ya mlango, nikachapa picha ya Mama kwa ajili ya jeneza. Picha nzuri kuliko zote ni ile Gertrude aliyompiga alipokuja. Mama anacheka kwa mpigaji.

Status ya Gertrude leo: yuko juu ya kipande cha plastiki chekundu, anateleza mlimani, anapiga kelele, matako yamejaa theluji. Muhindo anacheka nyuma ya kamera. Anacheka! Kwa hiyo hata huko hawajasema. Wamekubaliana kutokukubaliana na ukweli, familia nzima, hadi baada ya mbuzi.

Nilimtukana Gertrude kwa sauti, peke yangu na mashine ya fotokopi. Mama yako yuko mochwari na wewe unateleza! Moyo wako ni wa nini usiokuambia kitu? Nilijua si haki. Nilitukana hivyohivyo.

Jumapili, 21 Desemba

Leo nimeaibisha familia, na nilale salama.

Baada ya misa watu wamejaa uani, turubai mbili, viti vya kukodi. Nilikuwa napita na sinia ya vikombe. Wamama wawili wa jumuiya ya msingi, midomo karibu:

"Ule wa Poto haiko nakuja?"

"Atakuja wapi? Niliona picha zake kwa mutoto wangu. Iko nacheza mu glace. Mama yake iko morgue, yeye iko nacheza."

"Poto inakaushaka roho. Hata machozi ya telefone hakuna."

Mtoto wake huyo Dady hakumfikia!

Sinia iliniponyoka au niliitupa, sijui. Niliwaambia wanyamaze. Niliwaambia Gertrude ameosha vizee vya watu, amevunjika mgongo, ili dawa za tension za Mama zisikose hata mwezi mmoja, na wao walileta nini, midomo? Niliwaambia hajui! Hajui, hajui, hajui! Sisi ndio hatukumwambia, sisi hapa, wenye kulia vizuri!

Kwaya ikapotea katikati ya wimbo. Tonton akanishika mkono akanipeleka ndani kama mtoto aliyekojoa. Shangazi ndiye aliyesema, kwamba nina shetani wa hasira tangu utotoni, tena nilimrithi kutoka kwa Mama. Kama ni kweli, namshukuru Mama.

Jumatatu, 22 Desemba

Ndege ya Kinshasa ilipita juu ya nyumba mchana. Nilisimama nikaiangalia hadi ikashuka. Imejaa watu wa Noeli, wa wengine.

Jioni Papa aliniita. Tangu wiki iliyopita hajazungumza zaidi ya salamu. Wanaume wetu hawajashuka kwenye mitego ya samaki tangu kifo, na yeye huketi anasikiliza maji tu, kama anahesabu wanaovua badala yetu. Akaniambia nifunge mlango.

"Jana ulisema Gertrude hajue. Ulisema kwa hasira, ao iko kweli?"

Nikamtazama. "Papa, haukujua?"

"Nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia! Wajomba waliamua nyuma ya jiko, na mume wa marehemu hasumbuliwi. Wiki nzima Papa alikuwa anadhani binti yake mkubwa amepata habari akakaa kimya. Kila simu ikilia aligeuza kichwa. Hakuna neno la Gertrude, hakuna pole, hakuna kilio. "Nilianza kumulaani," akasema. "Mu roho. Tangu mercredi, siku ya tatu, niko namulaani."

Mikono yake mikubwa ile, yenye makovu ya kamba, aliitazama kama imefanya kosa.

Nilimweleza yote. Gari, barafu, permis, Chimène, hata ile sauti. Kwenye sauti alifumba macho. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

Akauliza ndege ingine ni lini. Nikamwambia kwa kesho hakuna tena. Akauliza kama mazishi yanaweza kungoja. Nikamwambia kuhusu jenereta.

"Kesho, mbele bafunge kisanduku ya Mama yako, umupigie," akasema. "Miye nitasimama pembeni yako. Nephtali iko kaka ya bibi yangu, namuheshimu. Lakini Gertrude iko mutoto yangu."

Kwa nini hakuna aliyemuuliza Papa tangu siku ya kwanza? Kwa nini mimi sikumuuliza? Nina hasira hadi meno yanauma.

Jumanne, 23 Desemba

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya jiko.

Mama ameletwa asubuhi. Yuko sebuleni, amevaa kitenge cha bluu. Watu wamepita mbele yake, kwaya inaimba, gari la kupeleka kanisani limeshawasha injini nje.

Nimepiga. Papa amesimama pembeni yangu, kofia mkononi. Akapokea mara moja, Yaya, sauti ya ndani ya gari, upepo, redio. Wako njiani kupanda mlimani, Isaïe hajawahi kuona ziwa lililoganda.

"Ursule! Niko kwa volant, niko naongoza, uko kwa haut-parleur, Isaïe pia iko nasikia! Eh, kuko kwaya? Noeli imeanza huko kwetu?"

"Yaya, simamisha gari."

"Kuko nini?"

"Simamisha tu, Yaya. Nakuomba."

Redio ikazimwa. Nikangoja. Halafu nikamsikia Isaïe, wiki nzima sikuwahi kumsikia hivyo, polepole: "Gertrude. Simama."

"Hapa hakuna pahali! Iko mulima, iko magari nyuma. Muko na nini? Mbona nyiye wote wawili muko na sauti moja?" Kisha akacheka, kicheko kifupi. "Musinitishe. Mungojee, nitafuta parking, nitawaita. Na umuambie Mama arekodi ingine, ile ya juzi nimeicheza mpaka Katungu ameichoka."

Akakata.

Papa amesikia yote. Hajasogea. Wanaume wameingia sebuleni na kifuniko. Tonton amekuja mlangoni, amesema padri anangoja, gari linachoma mafuta bure. Kisha ameona uso wa Papa, na simu kwenye goti langu.

"Ingojee," amesema Papa.

Tonton amevua kofia yake pia. Amesimama upande wangu wa pili. Ananong'ona, sijui anasali au anaita Chimène. Nataka kumchukia, siwezi, nitamchukia kesho. Kwaya imeishiwa nyimbo, wanarudia ule wa kwanza. Kule wako wapi sasa? Anatafuta mahali, anatazama kioo, anawasha taa ya pembeni, anafanya yote sawasawa, dada yangu ni dereva mzuri. Isaïe yuko pembeni yake, mshike, Isaïe, mshike sasa, usimwache afungue mlango.

Simu imetetemeka. Si wito. Ni ujumbe wa Yaya.

"Nimesimama. Nipatie Mama."